Mtoto, Baiskeli na Mizizi ya Karura

Makomredi, likizo ikifika sisi ndio tunaotafutwa. "Si uko tu nyumbani? Hebu chukua hawa watoto uende nao mahali." Na mahali penyewe ni wapi? Mitaa mingi ya ghorofa Nairobi, mtoto mwenye baiskeli anaizungusha kwenye maegesho ya magari, kati ya mabampa, huku bawabu akimfokea. Akitoka nje ya geti anakutana na matatu na bodaboda. Kwa hivyo watoto wengi wana baiskeli lakini hawana pa kuiendesha, na wanafika darasa la nne wakijua kupiga pedali kwa mwendo wa mita 30 tu, kisha kugeuza.

Jibu moja liko karibu kuliko tunavyodhani: Msitu wa Karura. Ni zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, una ua wa umeme kuuzunguka, walinzi wanaozunguka, na vijia vya udongo ambako magari ya kawaida hayapiti. Njia panda zimewekwa vigingi vyenye namba, kwa hivyo hata ukipotea unaweza kumpigia mtu simu ukamwambia uko wapi. Haikuwa hivi tangu jadi. Miaka ya tisini vipande vya msitu huu viligawiwa watu binafsi wajenge, na Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi wa kukodiwa walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji huo. Mtoto anayeteremka kule leo akipiga kelele za furaha anapita mahali ambapo pangekuwa na majumba.

Sasa, kumpeleka mtoto mdogo msituni na baiskeli si sawa na kumpeleka bembeani. Nasomea ualimu wa watoto wadogo, na wikendi kadhaa sasa nimekuwa nikienda na mpwa wangu wa miaka 6 pamoja na wenzake wawili wa jirani. Ninayoeleza hapa yametoka pande hizo mbili, darasani na matopeni.

Tuanze na vile vigurudumu vya pembeni, kwa sababu ndivyo vinavyowachelewesha wengi. Baiskeli husimama wima kwa jambo moja la ajabu: ukianza kuangukia kushoto, unageuza usukani kidogo kushoto, magurudumu yanarudi chini yako, na unasimama tena. Sisi tunaojua tunafanya hivyo mara nyingi kwa dakika bila kufikiri. Mtoto mwenye vigurudumu vya pembeni haangukii upande wowote, kwa hivyo hapati sababu ya kujifunza. Anajifunza pedali, ambayo ni rahisi, na anaachwa bila usawa, ambao ndio kazi yenyewe. Msituni mambo huharibika zaidi: kijia kikiwa na shimo katikati, vigurudumu vinakaa juu ya kingo, gurudumu la nyuma linaning'inia hewani, na mtoto anapiga pedali bila kusonga.

Dawa yake ni kwa fundi yeyote mwenye spana, na ni ya dakika kumi. Ng'oa vigurudumu, toa pedali zote mbili, shusha kiti hadi nyayo za mtoto zikanyage chini zote. (Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume na skrubu ya kawaida. Usiilazimishe ukaharibu uzi.) Mtoto ajisukume kwa miguu, kwanza kama anayetembea, halafu kwa hatua ndefu, mpaka ainue miguu na kuteleza. Baiskeli ya kwanza kabisa ilikuwa hivyohivyo: Karl von Drais wa Ujerumani alipoiendesha yake mwaka 1817 haikuwa na pedali. Mtoto akiweza kuteleza umbali wa madarasa mawili bila kugusa chini, rudisha pedali. Mpwa wangu alimaliza hatua hiyo kwa Jumamosi mbili, mwenzake mmoja kwa tano. Hakuna aliye mjinga hapo.

Jambo la pili ni uzito. Mtoto wa miaka 6 ana kilo 20 hivi. Baiskeli nyingi za chuma zinazouzwa kwa watoto hufika kilo 10. Hesabu mwenyewe: ni kama wewe wa kilo 60 upewe baiskeli ya kilo 30 uipandishe mlima. Mtoto akishuka na kusema amechoka, usiharakishe kusema ni mvivu. Toa kila kisichohitajika: kikapu, stendi nzito, kariya, zile kengele na mapambo. Na usimnunulie kubwa "atakua nayo". Sweta unaweza kununua hivyo, baiskeli hapana. Asiyefikisha miguu chini hana namna ya kujiokoa.

Breki ndiyo ninayoikagua kabla ya kitu kingine chochote. Muulize mtoto aibane akiwa amesimama, wewe usukume baiskeli. Ikisonga, hamwendi popote. Mara nyingi breki yenyewe ni nzima ila mkono wa breki uko mbali na vidole vifupi. Mikono mingi ina skrubu ndogo ya kuusogeza karibu, na kama haina, fundi atarekebisha waya. Pia jueni mapema ni mkono upi unaoshika gurudumu la mbele, maana baiskeli za mitumba hutofautiana kulingana na zilikotoka. Mtoto akibana ya mbele pekee kwenye mteremko, anaweza kupitiliza juu ya usukani. Mfundishe kubana zote mbili, polepole, kama anayekamua nguo.

Hapa ndipo Vygotsky anapoingia, na wenzangu wa elimu msicheke. Mrusi huyu aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu alisema kuna eneo kati ya yale mtoto anayoweza peke yake na yale anayoweza akiwa na msaidizi, na kwamba kufundisha kwenyewe kunafanyika mle. Baadaye, 1976, Wood, Bruner na Ross waliufananisha msaada huo na jukwaa la wajenzi: unalisimamisha ukuta ukijengwa, unalibomoa ukuta ukisimama. Kwenye baiskeli jukwaa hilo ni mkono wako, na swali ni unaushika wapi. Wengi hushika usukani. Ukishika usukani, unaendesha wewe. Kumbe shika mgongo, au kola ya jaketi nyuma, wepesi kiasi kwamba mtoto ahisi uko lakini usukani ubaki wake. Halafu punguza: vidole viwili, kimoja, kukimbia kando tu. Na usimdanganye kwamba umemshika ilhali umeachia. Najua sote tulidanganywa hivyo. Lakini siku atakapokuwa juu ya mteremko na wewe umwambie "nipo hapa", unahitaji akuamini.

Kwenye kijia chenyewe mambo ni machache, na yanarudiwa sana. Kushuka: asimame juu ya pedali zikiwa sambamba, goti na kiwiko vimelegea, makalio nyuma kidogo ya kiti. Mizizi: aivuke moja kwa moja, si kwa mshazari, hasa ikiwa imelowa, kwa sababu tairi huteleza kufuata mzizi kama sabuni. Macho: mtoto huenda anakotazama, kwa hivyo usipaze sauti "angalia ule mti!" Ataugonga. Sema "tazama njia." Mtu mzima akiwa mmoja, akae nyuma ya watoto, si mbele, na wasimame kila njia panda. Mkiwa wawili, mmoja atangulie mwingine afunge mstari. Wanaotembea kwa miguu wapisheni, na mtoto azoee kusema "samahani, tunapita" kabla hajawafikia. Kima nao wana tabia zao, vitafunio vikae kwenye begi lililofungwa.

Helmeti isiyokaa vizuri ni kama haipo. Ukingo wake uwe upana wa vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Ikishapata pigo kubwa, itupwe hata kama haionyeshi ufa, kwa sababu povu la ndani hubonyea mara moja tu kwa kazi hiyo.

Karura ina ujanja wake mmoja: ukielekea mtoni unashuka. Mtoto anateremka kwa raha, nusu saa inaisha, kisha nyumbani ni kupanda. Kwa hivyo anayeamua mwisho wa safari ni wewe, na uamue akiwa bado anataka zaidi. Kwa mwenye miaka 5 au 6, kilomita tatu kwa jumla zatosha siku ya kwanza, na kati yake msimame kutazama siafu na kula ndizi. Mtoto mwenye njaa habalansi, na hatakwambia ana njaa, atakwambia baiskeli ni mbaya. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, ule udongo mwekundu hunata kwenye tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Subirini siku mbili tatu pakauke.

Limebaki lile la pesa, ambalo kwa komredi anayesubiri HELB si dogo. Kuna kiingilio, kuna nauli, na baiskeli za kukodi zipo ila uliza kwanza kama kuna saizi ya mtoto siku hiyo. Sisi huenda watoto watatu na baiskeli moja. Nilidhani watagombana, lakini imekuwa afadhali. Mmoja anaendesha kutoka kigingi hadi kigingi, wa pili anakimbia mbele kuangalia kama kuna watu, wa tatu anatunza namba kwenye daftari. Anayepumzika anamtazama anayeendesha, na mara nyingi yeye ndiye humwambia mwenzake kosa kabla yangu: "Umeangalia mzizi, si njia." Safari iliyopita yule aliyechukua Jumamosi tano kujifunza kuteleza alikuwa ndiye anayepiga kelele hiyo, akiwa na daftari kwapani na matope hadi magotini.