Lenzi za upana na filta za kamera ya video: Pima kabla hujalipa

Na Mwandishi Wetu

SHEREHE nyingi za kifamilia katika miji yetu hufanyika sebuleni. Posa hupokelewa hapo, mahari huhesabiwa hapo, na wazee hutoa nasaha wakiwa wameketi kwenye makochi yaliyosukumwa hadi ukutani. Mwenye kamera ya video husimama mlangoni, mgongo ukigusa fremu, na bado nusu ya wageni hawaingii katika picha.

Sababu imo katika lenzi. Kwa miaka mingi watengenezaji wa kamera ndogo za nyumbani walishindana kuongeza uwezo wa kuvuta vitu vya mbali, upana ukasahauliwa. Chukua mfano wa Canon HV20, iliyotoka mwaka 2007. Mtu akisimama mita 3 kutoka kwa walioketi, kamera hiyo huona eneo lenye upana wa takriban mita 2.5 tu, yaani kochi moja la watu watatu. Akiifungia kwa mbele lenzi ya kuongeza upana yenye alama ya 0.7x, eneo hilo hufika kama mita 3.6. Yenye alama ya 0.5x huleta mita 5.

Kwa hesabu hiyo mnunuzi hushawishika kuchagua namba iliyo ndogo kuliko zote. Hapo ndipo penye mtego. Kadiri upana unavyoongezwa, ndivyo inavyokuwa vigumu na ghali kutengeneza kioo kinachotoa picha safi hadi pembeni. Lenzi za bei ya chini za 0.5x na 0.45x hupinda mistari iliyonyooka, hufifisha nyuso za walioketi kandokando, na huacha vivuli vyeusi kwenye pembe nne za picha.

Kasoro kubwa zaidi haionekani dukani. Lenzi nyingi za aina hiyo hufanya kazi pale tu kamera inapokuwa kwenye upana wake wa mwisho. Ukianza kuvuta picha karibu, kila kitu kinageuka ukungu. Mwandishi wa makala haya alilijua hilo mwaka 2019, katika ndoa ya binamu yake huko Magomeni. Bibi aliposimama kuwaombea dua maharusi, kamera ilivutwa kumfuata usoni, na uso ukapotea. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Sauti yake imo katika mkanda huo, lakini uso wake haumo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei, bali kama lenzi hiyo inaruhusu kuvuta picha kutoka mwanzo hadi mwisho. Usiridhike na jibu la mdomo. Nenda na kamera yako na ukurasa wa gazeti, ubandike ukutani, urekodi dakika moja ukiwa kwenye upana wa mwisho na nyingine ukivuta taratibu. Kisha tazama kwenye runinga bapa au kompyuta, ulinganishe maandishi ya katikati na ya pembeni. Usiamini kioo kidogo cha kamera, kwa kuwa baadhi yake hukata kingo za picha. Runinga za zamani zenye kisogo nazo zilikuwa zikificha kingo, na ndiyo maana kanda ambazo miaka ile zilionekana safi leo zinaonyesha pembe nyeusi. Kwa matumizi ya nyumbani, 0.7x iliyotengenezwa vizuri inafaa kuliko 0.45x ya kubahatisha.

Kabla ya yote hayo, jua kipenyo cha mdomo wa lenzi yako. Aghalabu huandikwa kwa milimita kwenye ukingo wa mbele, kikitanguliwa na alama ya duara lililokatwa kwa mstari. HV20 ina 43, kamera nyingi ndogo za Sony zina 30 au 37, na Sony VX2100, iliyopendwa na wapiga video za harusi, ina 58. Tofauti ya milimita chache inaweza kuzibwa kwa ringi ya kuunganishia, lakini iwe ya kutoka mdomo mdogo kwenda kioo kikubwa. Kinyume chake huleta tena zile pembe nyeusi.

Tukija kwenye filta, wauzaji hupenda kuanza na ile ya kuzuia miale ya urujuanimno. Kwa kweli vioo vya lenzi yenyewe huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, na hutaona tofauti ya rangi. Kazi yake ni ulinzi. Ufukweni, penye mchanga na chumvi ya bahari, ina thamani. Ndani ya nyumba ivue, hasa unapofunga lenzi ya upana, kwa sababu vioo viwili vikipandana lenzi husogea mbele na pembe huingia giza. Tena kamera hizi ndogo huona kwa wazi hata kilicho karibu mno, hivyo tone moja la maji juu ya filta linaweza kuonekana kama doa usoni mwa bibi harusi.

Filta ya kijivu ndiyo inayodharauliwa bila haki. Kwenye jua kali kamera hujihami kwa kufupisha muda wa kupokea mwanga, na wacheza ngoma huonekana wakirukaruka kama vikaragosi. Filta yenye alama ya ND4 hupitisha robo ya mwanga, ND8 sehemu moja ya nane, na mwendo hurudia ulaini wake katika muda wa kawaida wa 1/50 ya sekunde. Chunguza kwanza kama kamera yako haina filta hiyo ndani.

Polaraiza hupunguza mng'ao juu ya maji na vioo vya magari, na hukoleza anga. Izungushe polepole huku ukitazama. Hufanya kazi zaidi jua likiwa ubavuni mwako. Usiitumie pamoja na lenzi ya upana, kwani anga itakuwa na upande mweusi na upande mweupe, na usiitumie ndani, maana hula zaidi ya nusu ya mwanga.

Ringi za filta hizi ni nyembamba na meno yake hukwama kwa urahisi. Ikigoma kufunguka, usitumie koleo. Vungisha mpira mwembamba wa kufungia noti kuuzunguka ukingo, kisha zungusha kwa vidole bila kubana sana.