Bei Uliyoiona Kwenye Simu Hakuna Aliyeilipa

Kijana mmoja wa hapa Bagara, Babati, aliniletea boksi la santuri za babu yake, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Mkononi alikuwa na skrinshoti ya santuri kama mojawapo ya zake, na bei ya dola ambayo alishaigeuza kuwa shilingi milioni moja na ushee. Akauliza swali ninaloulizwa karibu kila wiki: "Kaka, nikauze mtandao gani nipate hii hela?"

Swali hilo limekosewa kabla halijafika kwenye neno mtandao, na nimeshalijibu mara nyingi mno. Safari hii nalijibu kwa maandishi.

Ulichokiona ni bei aliyoomba mtu. Mnadani, mwenye ng'ombe anaweza kutaja milioni tano tangu asubuhi. Jioni akirudi naye nyumbani, hakuna atakayesema ng'ombe siku hizi ni milioni tano. Mtandaoni hakuna jioni. Tangazo linaweza kukaa miaka mitatu bila mnunuzi, na wewe unaliona kwa sababu hiyohiyo: halijauzwa. Santuri zilizouzwa kwa bei ya kawaida zilishaondoka kwenye orodha, zikabaki hizi zilizokataliwa. Halafu unazipigia hesabu ya bati la nyumba.

Bei nyingine hazikuombwa hata na binadamu. Aprili 2011, kitabu kimoja cha kitaaluma kuhusu inzi, The Making of a Fly, kilichotoka 1992, kilionekana Amazon kwa zaidi ya dola milioni 23. Wauzaji wawili walikuwa wameziachia programu zipange bei. Moja ilijiweka chini kidogo tu ya mwenzake, nyingine ikaizidisha bei ya mwenzake kwa karibu 1.27, na kila siku zikapandishana hivyo hadi mwanasayansi mmoja wa Marekani akaufuatilia mchezo huo na kuueleza. Hakuna aliyelipa hata senti ya hizo milioni. Angekiona mtu wa Babati siku hiyo, angeenda kupekua makabati ya shule zote za mkoa.

Bei ya kweli ni ile iliyolipwa, na kuiona hakuhitaji dalali. Discogs, orodha ya santuri iliyoanza mwaka 2000 na baadaye ikawa soko pia, huonyesha kwa kila toleo lililowahi kuuzwa humo bei ya chini, ya kati na ya juu zilizowahi kulipwa. eBay ina chujio la vitu vilivyouzwa tayari. Tuliitafuta huko Discogs ile santuri ya kijana: bei ya kati haikufika shilingi elfu hamsini. Alinyamaza.

Na hiyo ni ya santuri safi. Wakusanyaji wa santuri wa ng'ambo wana madaraja yao, na daraja wanaloliita "nzuri sana" ni santuri ambayo mikwaruzo yake inasikika. Za babu zimepigwa miaka na miaka kwa sindano butu, sarafu ikiwa imewekwa juu ya mkono wa sindano ili isiruke. Mfereji ukishaliwa haurudi.

Uzee wa kitu nao si uhaba. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, alipendwa sana, kwa hiyo nakala zake zilitoka nyingi. Inayotafutwa zaidi inaweza kuwa ya bendi ndogo uliyoisahau, iliyochapwa Nairobi mara moja tu. Ndiyo maana lebo na namba iliyochapwa juu yake husomwa kwanza, bei baadaye.

Sasa mitandao yenyewe. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, acheni kuiulizia. Kama boksi lenu lina vitabu pia, riwaya na vitabu vya shule viwekeni Facebook, makundi ya WhatsApp au tovuti ya Jiji, maana mnunuzi wenu yuko Arusha, Singida au Dodoma na mzigo unakwenda na basi. Vitabu vya mtaala wa zamani ondoeni haraka, kwa sababu mtaala mpya ulianza kuingia kwa awamu Januari 2024. Kilichochapwa "hakiuzwi" ni mali ya serikali, kirudisheni shuleni. Kanda na DVD za kunakili msizipeleke popote: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, na Discogs nayo hairuhusu kuuza nakala zisizo rasmi. Santuri nzuri ndiyo ya Discogs, ila malipo yake hupitia zaidi PayPal, na kwa miaka mingi akaunti ya Tanzania imekuwa ya kulipia, si ya kupokea. Tafuteni ndugu mnayemwamini Kenya, ambako tangu 2018 fedha za PayPal hutolewa kwa M-Pesa, na mgawane kwa maandishi. Ukiwa na nakala za gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, usiuze kabla hujaongea na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mzigo hautoki stendi kwa meseji ya muamala uliyotumiwa na mnunuzi. Piga menyu ya simu yako mwenyewe, uone salio.

Kijana nimemrudisha na boksi lake. Ataziosha moja moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kitambaa kikifuata mzunguko wa mifereji, lebo isiguswe na maji, kisha azisimamishe kivulini zikauke. Akirudi nazo tutasoma zile namba.