Tumbawe Jeupe Bado Lina Uhai

Huku Isiolo, ng'ombe akikonda mpaka mbavu zikahesabika, hakuna anayesema amekufa. Mvua ikiwahi, atanyanyuka. Ndiyo maana huniudhi kusikia kwamba matumbawe yakishageuka meupe, basi yamekwisha.

Tumbawe ni kundi la vinyama laini, kila kimoja na minyiri yake kuzunguka mdomo, vikijijengea kiunzi cha chokaa. Ndani ya nyama yao huishi mwani wa chembe moja. Vinyama huupa makao. Mwani nao, kwa mwanga wa jua, huvitengenezea sukari, na hicho ndicho chakula chao kikubwa. Rangi tunazozisifia nyingi ni za mwani huo. Sasa bahari ikipita joto lake la kilele cha kaskazi kwa nyuzi moja tu, wiki kadhaa mfululizo, mwani huanza kutoa oksijeni yenye sumu inayounguza nyama ya mwenyeji, naye huutapika. Nyama isiyo na mwani hupenywa na mwanga kama kioo, kwa hiyo weupe unaouona ni wa kiunzi. Mnyama yu hai, ana njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yakichelewa, hufa, na magugu ya baharini yakafunika kiunzi.

Wengi hapa wanaikumbuka El Niño ya mwishoni mwa 1997. Bahari ya Hindi iliyopata joto ikatuletea mafuriko ndiyo iliyopausha matumbawe ya pwani yetu Machi na Aprili 1998, na mengi hayakuamka. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima.

Joto hilo Kenya haiwezi kulizima peke yake. Linalowezekana kuzuiwa ni juya, wavu wa kukokota, nalo limepigwa marufuku tangu 2001 na bado linaburutwa juu ya matumbawe! Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, hawakungoja mtu: mwaka 2005 waliamua kufunga kipande cha bahari, kama hekta 30, wakakiita tengefu. Mborana wa Waso, huku kwetu Isiolo, angekielewa mara moja, maana dedha, baraza la wazee wa malisho, nayo hutenga malisho ya kiangazi yasiguswe wakati wa mvua. Mahali palipopumzishwa, samaki waitwao pono huongezeka, na ukizamisha kichwa utasikia meno yao yakikwangua magugu mwambani, mpaka pakapatikana jiwe safi la tumbawe changa kushika.

Faida za matumbawe? Mazalio ya samaki, kinga ya mawimbi, watalii, mawe ya nyumba za Lamu, chokaa, na mchanga mweupe wa ufukweni, ambao sehemu yake imepitia tumboni mwa pono.