Mtu Akiumizwa, Nani Atalipa?

Hospitali za teritwari yetu ya Isangi hupokea watu walioumizwa kwa njia nyingi. Huyu ametupwa na pikipiki. Yule amebanwa mguu kati ya balenyeri na gati. Mwingine ameangukiwa na mti shambani, au amekatwa vidole na mashine kazini. Mganga huuliza, “Umeumia wapi?” Lakini jamaa walioketi barazani huulizana neno lingine: “Nani atalipa?”

Kuuliza hivyo si dhambi. Soma kitabu cha Kutoka, mlango wa 21. Humo Mungu aliwaagiza watu wake kwamba mtu akimpiga mwenzake hata akalala kitandani, aliyempiga sharti alipe siku ambazo mwenzake hakufanya kazi, na agharimie uponyaji wake mpaka apone kabisa. Angalia mambo hayo mawili: siku za kazi zilizopotea, na gharama ya matibabu. Hata leo mahakimu huanza kwa mambo hayo mawili.

Katika somo hili tunataka ushike neno moja, nalo ni hili: jeraha lisiloandikwa ni vigumu sana kulipwa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo na haki ya mtu aliyeumia.

Kwanza uhai

Kabla ya kutafuta mwenye kosa, okoa uhai. Damu ikitoka, bana kidonda kwa kitambaa safi, kaza kwa mkono, usiachie upesi. Usitie udongo, wala majivu, wala majani yaliyopondwa. Katika udongo mna vijidudu vya pepopunda, na ugonjwa huo huweza kutokea siku nyingi baada ya ajali, mara nyingi kati ya siku 3 na siku 21, hata kidonda kikiwa kidogo. Sindano ya kuzuia pepopunda ipo, iombe.

Mfupa ukivunjika, usiuvute. Funga mguu au mkono pamoja na vijiti viwili vilivyonyoka, kisha mchukue mgonjwa kwa machela. Akianguka kwa shingo au mgongo, msimkunje. Mwinueni watu kadhaa pamoja, mwili ukiwa umenyoka. Na aliyepigwa kichwani huweza kuamka, akacheka na kula, kisha usiku akatapika, akalala usingizi mzito usioamshika. Huyo arudishwe hospitalini saa ile ile.

Usiogope kumsaidia mgeni aliyelala njiani. Msamaria hakuuliza kabila la yule mtu. Alimfunga jeraha, akamchukua, akalipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni. Nayo sheria ya adhabu ya Kongo humhesabia kosa mtu awezaye kumsaidia aliye hatarini bila kujihatarisha mwenyewe, naye akampita.

Sheria inasema nini

Wengi hudhani kwamba malipo ya aliyeumia ni hisani ya tajiri. Sivyo. Katika Kongo sheria hii ni ya kale: ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, na mpaka leo inatumika. Fungu lake la 258 lasema, kwa maneno mepesi, kwamba mtu akimletea mwenziwe hasara kwa kosa lake, imempasa kuitengeneza hasara hiyo. Fungu la 259 laongeza kwamba hata uzembe na kutoangalia huhesabiwa. Kwa hiyo mtu hawezi kuponyoka kwa kusema, “Sikutaka.”

Fungu la 260 lafaa kujulikana na kila mtu apandaye pikipiki. Lasema kwamba bwana hujibu kwa hasara iliyofanywa na mtumishi wake katika kazi aliyompa. Vijana wengi huendesha pikipiki isiyo yao, na jioni humletea mwenyewe fedha za siku. Kijana huyo akimgonga mtu akiwa kazini, usimtazame kijana peke yake. Mwenye pikipiki naye anahusika. Vivyo hivyo mwenye balenyeri hujibu kwa kosa la nahodha wake aliyepakia watu na magunia kupita kiasi, au aliyesafiri usiku bila taa.

Na fungu la 261 lasema kwamba mwenye mnyama hujibu kwa hasara ya mnyama wake. Aliyesoma Kutoka 21, habari ya ng’ombe mwenye desturi ya kupiga kwa pembe, hatashangaa.

Lakini fahamu tofauti hii. Polisi wakimshika mwenye kosa, naye akalipa faini, faini hiyo ni ya Serikali. Haiponyi mguu wako. Wewe mwenyewe sharti useme mbele ya tribinali kwamba unadai malipo ya hasara yako. Na kama huna kitu, msimamizi wa Serikali aweza kukupa cheti cha umaskini, ili usizuiwe na gharama za tribinali.

Bima ni nini?

Bima, ambayo wengi kwetu huiita asiransi, ni kama kikapu cha ushirika. Wengi hutia kidogo kidogo, na siku mmoja akipatwa na ajali, kikapu humsaidia. Tangu mwaka 1973 sheria ya Kongo humlazimisha kila mwenye chombo cha moteri cha barabarani kuwa na bima kwa ajili ya watu atakaowaumiza. Si gari tu. Pikipiki nayo imo. Zamani kampuni ya Serikali, SONAS, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake katika kazi hiyo. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua mlango kwa kampuni nyingine, nayo Serikali ikaweka chombo cha kuzisimamia, kiitwacho ARCA.

Bima hiyo haikuwekwa kwanza kwa faida ya mwenye gari. Imewekwa kwa ajili yako wewe uliyegongwa. Basi usikubali kuambiwa, “Dereva ni maskini, hakuna cha kulipwa.” Uliza: chombo kina bima? Ya kampuni gani? Namba ya cheti ni ipi? Andika pia namba ya chombo chenyewe.

Je, toleka zetu? Toleka ni baiskeli, haina moteri, kwa hiyo sheria hiyo ya bima haiigusi. Lakini amri ya 1888 humgusa kila mtu, awe na moteri au asiwe nayo.

Mtu akiumia kazini

Kwa mfanyakazi kuna njia nyingine. Tangu amri ya tarehe 29 Juni 1961 kuna sanduku la kuwasaidia wafanyakazi walioumia kazini au waliopata ugonjwa wa kazi. Zamani liliitwa INSS. Siku hizi ni CNSS, chini ya sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mchango wa hatari za kazi hulipwa na bwana wa kazi peke yake. Haukatwi katika mshahara. Tena mfanyakazi hahitaji kuonyesha kwamba bwana wake alikosa. Inatosha kuonyesha kwamba ajali ilitokea kazini, au njiani alipokuwa akienda kazini au kurudi nyumbani.

Ewe mfanyakazi, uwe Yangambi, au katika mashamba ya mawese, au kwenye duka la mjini, uliza leo, ungali mzima: je, bwana wangu ameniandikisha katika CNSS? Namba yangu ni ipi? Siku ya ajali umwarifu bwana wa kazi mara moja mbele ya mashahidi, naye aipeleke habari kwa CNSS.

Somo kutoka Kisangani

Labda utasema, “Karatasi ina faida gani? Watu wote waliona.” Basi fikiri habari hii, ambayo wengi wetu tunaijua.

Tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Mji wote uliona. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yasema kwamba raia zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, mbali na waliokufa. Kongo iliishitaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye, kwa ajili ya vita hivyo na maovu mengine yaliyotendeka mashariki. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilihukumu kwamba Uganda imepaswa kulipa. Kiasi kikabaki.

Kongo ikaomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikatoa dola milioni 325, na katika hizo milioni 225 ni kwa ajili ya hasara ya watu wenyewe. Kwa nini pengo kubwa namna hii? Mahakimu hawakusema kwamba watu hawakuumia. Walisema kwamba ushahidi ulioletwa haukutosha kuhesabu kwa hakika waliokufa na waliojeruhiwa. Fomu nyingi zilizoletwa zilikosa karatasi za kuzithibitisha, kama vyeti vya hospitali na vya vifo. Kwa sababu hiyo walikadiria jumla moja tu.

Serikali ilikuwa imeanzisha, kwa amri ya Desemba 2019, mfuko uitwao FRIVAO, wenye makao yake Kisangani, ili ugawe fedha hizo kwa walioumizwa. Na huko nako kila mtu huulizwa: wewe ni nani, uliumia wapi, una nini cha kuonyesha? Mwenye kovu bila karatasi hupata taabu, ingawa kovu lake ni la kweli.

Hakuna wa kulaumiwa kwa kukimbia mabomu bila karatasi. Lakini wewe ambaye umegongwa leo, na hospitali iko karibu, usiache neno hili.

Usipatane upesi

Tuseme mvuvi mmoja amegongwa na pikipiki sokoni. Mguu umevimba, lakini anaweza kukanyaga kwa fimbo. Jioni wazee wanakaa. Mwenye pikipiki analeta mbuzi na fedha kidogo. Wanapeana mikono, wanatia sahihi kwamba neno limekwisha. Mvuvi anakwenda kwa fundi wa mifupa wa kijijini. Baada ya juma 6 mguu bado unauma. Hospitalini picha yaonyesha kwamba mfupa ulivunjika, nao umeungana vibaya. Mtu huyu hawezi tena kusimama katika mtumbwi na kutupa wavu. Watoto wake watakula nini? Ile sahihi yamfunga, maana katika sheria yetu mapatano yaliyofanywa kwa haki ni kama sheria kati ya waliopatana.

Kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika kupatana. Kupatana ni kwema. Kosa lilikuwa kupatana kabla ya kujua mwisho wa jeraha. Kwa hiyo uombe vyeti viwili. Cheti cha kwanza huandikwa siku za mwanzo: mganga ameona nini, mahali gani pa mwili, na siku ngapi mtu hawezi kufanya kazi. Cheti cha mwisho huandikwa wakati jeraha halibadiliki tena: mtu amepona kabisa, au amebaki na kilema cha kiasi gani. Hapo ndipo wazee, au kampuni ya bima, au hakimu, aweza kupima sawasawa. Katika siku za katikati mwenye kosa aweza kulipa dawa na chakula, na kila malipo yaandikwe.

Yakupasayo kufanya

1. Fika hospitalini siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.
2. Mwambie mganga jinsi ulivyoumia, mahali, siku na saa, ili aandike katika fishi yako.
3. Arifu polisi, nao waandike hati yao. Shika namba yake.
4. Andika majina ya mashahidi wawili au watatu.
5. Tunza risiti zote: dawa, picha, nauli ya mtumbwi au pikipiki.
6. Weka karatasi zote katika mfuko wa plastiki, mbali na maji na mchwa. Nakala moja akae nayo mtu mwaminifu.
7. Usitie sahihi karatasi usiyoweza kuisoma. Mwombe mwalimu au mzee wa kanisa akusomee kwanza.

Je, Mkristo adai?

Wengine husema, “Mimi nimesamehe, sitadai.” Kusamehe ni agizo la Bwana wetu. Lakini kusamehe ni kuondoa chuki moyoni. Hakumzuii mwenye kosa kutengeneza alichoharibu. Zakayo alipopokea wokovu alirudisha mara nne, wala Bwana hakumwambia aache. Paulo aliwaonya Wakorintho wasikimbilie mahakama ndugu kwa ndugu. Basi, kama aliyekuumiza ni ndugu katika kanisa, anzeni mbele ya wazee. Lakini mwende na cheti cha mganga mkononi, ili neno liamuliwe kwa kweli na si kwa kelele.

Na wewe uliyeumia, usizidishe. Usijifanye kilema. Mganga hawezi kuandika asichokiona, na amri ya 9 yakataza ushuhuda wa uongo. Nawe uliyeumiza mwenzako, usijifiche. Nenda kitandani kwake, umwone, ulete sabuni na chakula, utoe karatasi ya bima yako. Mwenye kufanya hivyo huponya majeraha mawili kwa mara moja: la mwili, na la urafiki.

Maswali ya kujadiliana

Kwa nini si vema kupatana kabla ya cheti cha mwisho? Nani hujibu, kijana aendeshaye pikipiki au mwenye pikipiki? Katika nyumba yako, karatasi za hospitali hutunzwa wapi?