Enzi ya Mungu na Mipango ya Wanadamu

1. Swali lenyewe

Katika mazishi ya Wakristo wa nchi yetu kuna maneno mawili yanayosikika mara kwa mara: kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba yaliyotokea ni mpango wa Mungu. Maneno haya husemwa kwa nia njema, na ndani yake mna ukiri wa kweli kwamba Mungu ndiye Bwana wa uhai na mauti. Lakini tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka huko Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Je, mtumishi wa Mungu asimamaye mbele ya kaburi kama hilo aseme kwamba Mungu alipanga hivyo? Na asiposema, je, ameikana enzi ya Mungu?

Makala hii inakusudia kueleza maana ya kuitumainia enzi ya Mungu katika nyakati zisizotabirika. Tutaanzia Mzumbe, mahali ambapo kupanga mambo ya kesho ndiyo kazi inayofundishwa.

2. Mzumbe, shule ya mipango

Mzumbe iko chini ya milima ya Uluguru, upande wa barabara inayotoka Morogoro kwenda Iringa. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilianzisha hapo shule ya kuwaandaa machifu na makarani wa serikali za mitaa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1963, cheo cha chifu kilifutwa kisheria. Mwaka 1972 shule hiyo iligeuka kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka huohuo serikali ilianza kuzivunja serikali za mitaa zenyewe, ambazo zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi wa umma walipunguzwa kazini nchini kote. Mwaka 2001 chuo kikawa Chuo Kikuu Mzumbe.

Basi aliyesoma hapo akitarajia kutumika maisha yake yote katika ofisi fulani angeweza kuona ofisi hiyo ikifutwa angali kijana. Mjini Morogoro nako kilijengwa kiwanda cha viatu kwa msaada wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Hakikukaribia kamwe kiwango hicho, na mwishowe kilifungwa. Waliokipanga walikuwa watu wenye elimu na takwimu. Walichokosa ni kile ambacho kila mwanadamu hukikosa: kuijua kesho.

3. Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni majivuno ya mwenye mpango. Yakobo anawakemea wafanya biashara wanaosema watakwenda mji fulani, wakae mwaka mzima na kupata faida (Yak. 4:13-16). Tuangalie vema: hawakatazi kusafiri, wala kufanya biashara, wala kuhesabu faida. Anachokemea ni kusema juu ya kesho kana kwamba ni mali yao.

Kosa la pili limejificha zaidi, kwa kuwa huvaa vazi la imani. Ni uvivu na woga unaojiita kumtegemea Mungu. Neno “Mungu akipenda”, ambalo Yakobo alilitaka liwe ukiri, mara nyingi sisi tumelifanya kuwa njia ya adabu ya kukwepa ahadi. Vivyo hivyo, daraja lisilokarabatiwa likibomoka, tunasema ni amri ya Mungu. Hapo hatumheshimu Mungu. Tunamtwika uzembe wetu. Enzi ya Mungu haiondoi wajibu wa mwanadamu, maana Mungu aliye mtawala ndiye huyohuyo aliyempa mwanadamu bustani ailime na kuitunza (Mwa. 2:15).

4. Mungu aliyejificha na Mungu aliyejifunua

Hapa fundisho la Luther latusaidia sana. Katika kitabu chake cha mwaka 1525 juu ya utashi uliofungwa, alitofautisha kati ya Mungu aliyejificha katika utukufu wake na Mungu aliyejifunua katika Neno lake. Mambo mengi ya utawala wa Mungu yamefichika kwetu, wala hatukupewa ufunguo wa kuyachungulia. Tuliyopewa ni Kristo, na huyo amesulibiwa. Anayetaka kuusoma moyo wa Mungu katika ajali, ukame au tauni ataishia ama katika hofu, ama katika kuwahukumu wenzake. Anayeusoma msalabani atauona upendo.

Bwana wetu mwenyewe alifanya hivyo. Alipokumbushwa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, yeye akataja na watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Lk. 13:1-5). Hakueleza sababu, aliwaita walio hai watubu. Hili ndilo jibu letu kwa kaburi la Msamvu. Hatusemi kwamba jambo hilo lilimponyoka Mungu, wala hatusemi kwamba tunaijua sababu yake. Tunasema kwamba waliokufa na waliobaki wamo mikononi mwa yule aliyemfufua Yesu.

Luther hakuandika hayo akiwa salama. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, na chuo kikuu kikahamishiwa Jena. Yeye na mwenzake Bugenhagen walibaki kuwahudumia wagonjwa, wakati mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Katika barua yake kwa wachungaji wa Breslau alieleza kwamba Mkristo huomba, kisha hutumia dawa, husafisha hewa ya nyumba, na hujiepusha na mahali pasipomhitaji. Lakini jirani anapomhitaji, huenda. Kudharau dawa alikuita kumjaribu Mungu. Kumwacha jirani alikuita kumwacha Kristo. Wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020 barua hiyo ilisomwa tena na Wakristo wengi duniani, na kwa haki.

5. Uaminifu katika wito

Mstari wa Yeremia 29:11, unaotaja mawazo ya Bwana ya amani na tumaini, hupendwa sana. Lakini mstari unaoutangulia hutaja miaka 70. Watu wazima wengi waliousikia waraka ule walijua kwamba wangezikwa Babeli. Hata hivyo waliagizwa kujenga nyumba, kupanda bustani, kuoza watoto wao, na kuuombea mji amani (Yer. 29:5-7). Tumaini lao halikuwa kwamba hali ingebadilika upesi, bali kwamba Bwana hakuwaacha. Kazi ya siku ile ilikuwa ibada yao.

Kanisa letu lenyewe limepita njia hiyo. Vita vilipoanza mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na misioni zikabaki kama yatima. Wachungaji, walimu na wainjilisti Waafrika waliendelea kuhubiri, kubatiza na kuzika, bila kujua vita vitaisha lini wala nani atarudi. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa KKKT. Wao hawakuiona siku hiyo mapema. Walitunza tu walichokabidhiwa.

Mkulima wa Uluguru anaijua theolojia hii kabla ya kuisoma. Huandaa shamba na kupanda bila kujua kama masika yatakuwa mengi au haba. Akingoja uhakika, hatavuna (Mhu. 11:4-6). Akipanda, hajipi mvua. Lakini mvua ikija, itaikuta mbegu ardhini.

6. Hitimisho

Kwa hiyo sisi tunaoandaliwa kwa utumishi tujifunze kusema kidogo na kukaa zaidi. Kwa aliyepunguzwa kazini, tusiharakishe kumwambia kwamba Mungu amemfungulia mlango mwingine. Tukae naye, tumsaidie kuutafuta. Kwa mfiwa, tusianze na maelezo. Tuanze na Kristo aliyelia kaburini kwa Lazaro. Na kwa mpangaji wa mambo ya kesho, huko Mzumbe na kwingineko, tumtie moyo apange kwa bidii, kisha alale usingizi. Anayetawala kesho hakutuita tuijue, bali tuwe waaminifu leo.