Fahamu: Je, rais wa Kongo anaweza kushtakiwa?

Mjini Lubumbashi, kesi ya Joseph Kabila, rais wa zamani wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bado inazua mjadala. Sheria inasemaje?

Akiwa madarakani
Kwa mujibu wa Katiba ya 2006, rais huhukumiwa na Mahakama ya Katiba pekee. Ili ashtakiwe, theluthi mbili ya wabunge na maseneta walioketi pamoja lazima wakubali. Kosa lisilohusiana na kazi yake husubiri muhula uishe, na muda wa kumshtaki hauhesabiwi katika kipindi hicho.

Akishaondoka
Kifungu cha 104 cha Katiba humfanya rais mstaafu aliyechaguliwa kuwa seneta wa maisha. Sheria ya Julai 2018 inamkinga kwa aliyoyatenda akiwa kazini. Kwa mengine, inataka tena idhini ya theluthi mbili ya wajumbe wa mabaraza yote mawili ya Bunge.

Utata uko wapi?
Mei 22, 2025, Seneti peke yake ilimwondolea Kabila kinga kwa kura 88 dhidi ya 5, akituhumiwa kushirikiana na waasi wa M23, tuhuma anazozikana. Wakosoaji wakahoji: mbona baraza moja tu? Wanaotetea hatua hiyo wanasema kilichoondolewa ni kinga ya seneta, na hiyo iko mikononi mwa Seneti.

Septemba 30, 2025, katika kesi hiyo, Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu Kabila kifo bila yeye kuwepo.