Mboga za Kukaanga Haraka: Chakula cha Jioni Ndani ya Nusu Saa

Jioni ya siku ya kazi huwa na mitego miwili: njaa na haraka. Njaa hutufanya tuagize chipsi ambazo hatukuzipangia bajeti. Haraka nayo hutufanya tuweke PIN kabla ya kusoma jina. Leo tunakuletea mlo wa watu wanne usio na nyama wala maziwa: wali, pamoja na mboga na soya zilizokaangwa upesi kwa mtindo wa Kichina.

Kwanza, kwa mama mboga

Andika orodha kabla hujafika: robo kabeji, karoti 2, hoho 1, kitunguu 1, punje 4 za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na limau 1. Dukani chukua vikombe 2 vya mchele, kikombe 1 cha soya kavu za vipande na chupa ndogo ya sosi ya soya. Bei ya chupa isikutishe, kwa sababu utaitumia mara nyingi.

Mwambie mama mboga ajumlishe vitu vyote, kisha ulipe mara moja. Malipo madogomadogo ndiyo yanayotusumbua mwisho wa mwezi tukijiuliza pesa zilienda wapi. Weka namba ya till na kiasi, halafu ngoja kidogo usome jina linalotokea. Muulize, "Mama, till yako imeandikwa jina gani?" Likilingana, weka PIN. Lisipolingana, ghairi. Tarakimu moja ikikosewa, pesa za chakula zinaenda kwa mtu usiyemjua, na kuzirudisha si kazi ya dakika moja.

Sasa, jikoni

Bandika wali kwanza. Ukiwa unaiva, loweka soya kwenye maji moto kwa dakika 10, kisha uzikamue vizuri. Kata mboga vipande vyembamba vinavyolingana. Kwenye kikombe changanya vijiko 3 vya sosi ya soya, kijiko 1 cha chai cha sukari, maji ya nusu limau na vijiko 2 vya maji. Kila kitu kiwe karibu nawe kabla ya kuwasha gesi, maana moto mkali haungoji mtu anayetafuta kisu.

Pasha karai, weka vijiko 2 vya mafuta, kaanga soya hadi ziwe za kahawia, kisha uzitoe. Ongeza mafuta kidogo, tia kitunguu, saumu na tangawizi kwa nusu dakika. Karoti zifuate kwa dakika 2, halafu hoho na kabeji kwa dakika 2 nyingine, ukigeuza kila mara. Mboga zikirundikana hutoa maji, zikachemka badala ya kukaangika. Kama karai ni dogo, kaanga mafungu mawili. Rudisha soya, mwaga ule mchanganyiko, geuza kwa dakika 1, epua.

Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwani sosi ya soya ina chumvi ya kutosha. Sosi nyingi pia hutengenezwa kwa ngano, hivyo mwenye mzio wa ngano asome lebo.

Simu ikilia mezani

Kuna wale wanaopiga wakisema wamekutumia pesa kimakosa, wakikuharakisha uzirudishe. Usitegemee SMS peke yake, angalia salio lako mwenyewe. Hata kama pesa zimeingia kweli, usimtumie mtu. Wasiliana na huduma kwa wateja, tutashughulikia. Na sisi hatutakuomba PIN yako kamwe, hata kwa upole namna gani.

Wiki ijayo, jaribu sukuma wiki badala ya kabeji, na karanga za kukaanga badala ya soya. Till itakuwa ileile, lakini jina lisome tena.